Chini ya Bega

Jumapili ya Novemba, Thunder Bay.
Theluji ya kwanza imeingia bila kubisha hodi
nami nimefungua milango ya trela ya mjomba Reijo
nikasema: leo nitaitia adabu.

Wiki nzima tumekuwa tukihesabu.
Leland, kijana wangu wa kazi, ndiye mshika saa:
dakika kumi na moja kutafuta patasi ya nusu inchi,
dakika sita kuhamisha makopo ya rangi tuifikie pimamaji,
na Jumatano, karibu saa nzima, skrubu nne za bawaba,
ambazo mwishowe tulikwenda kununua,
na jioni tukazikuta ndani ya kopo la kahawa,
zimetulia, zinatutazama.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Hii haikuisha, ilijificha tu,
nasi tukalipa bei ya kuisha.

Basi tukatoa vyote, tukavitandaza juu ya turubai:
misumeno, nyaya, jiriwa mbili, randa,
keekee ya mkono ambayo hakuna aliye hai atakayeitumia,
timazi ya shaba, nzito kama neno la mtu mkimya.

Trela tupu ikatoa mwangwi.
Nikachora kwa chaki. Hapa betri na chaja.
Hapa droo, kila skrubu na chumba chake,
na moja igundishwe usoni pa droo, jicho lisisumbuke kusoma.
Mashine nzito chini, juu ya ekseli, tusiyumbe barabarani.
Na vyepesi huku juu, karibu na dari—

mkono ukasimama.

Juu ya kimo cha bega ukutani hapakuwa na tundu hata moja.
Rangi nyeupe, kama siku ilipotoka kiwandani.
Miaka kumi na tisa ya kazi.
"Mzee alisahau nusu ya ukuta," Leland akasema.
Nikacheka. Halafu nikaacha.

Reijo alianguka kutoka paa la shule nilipokuwa darasa la saba.
Alisema bega limepona.
Alisema hivyo ndani ya sauna, alisema hivyo harusini kwangu
akiinua glasi kwa mkono wa kushoto.

Nikaanza kukisoma upya nilichokwisha kuking'oa.
Kulabu ya msumeno pale mlangoni, iliyogonga magoti ya kila mtu:
asilazimike kupanda.
Kopo la kahawa: droo hutaka vidole vya kubana,
kopo unalimimina.
Patasi ndani ya soksi, soksi ndani ya kreti ya maziwa,
kreti kushoto, kila kitu kushoto.
Tuliyemwita ovyo alikuwa mpangaji kunishinda.
Aliishona trela kama koti, kwa kipimo cha maumivu yake,
na koti la mtu ukilivaa wewe
litakubana makwapa, ulilaumu koti.

Sikulia. Chaja zilikuwa zinanyeshewa theluji.

Nikachukua drili nikatoboa juu, safu nzima,
unga mweupe ukiniangukia kope.
Mabega yangu ni mazima. Kwa sasa.
Leland ni mrefu, mimi mfupi,
tukagombania inchi nne kwa nusu saa
hadi nikamkumbusha benki inamjua nani.

Jumatatu, mtaa wa Machar, jikoni kwa Bi Wojcik.
"Patasi ya nusu inchi."
Leland akatazama saa yake.
Sekunde nne.
Tukakaa tukitazamana kama watu waliookota pesa
wasijue za nani.

Kulabu ya mlangoni bado ipo.
Usidhani ni heshima kwa marehemu:
skrubu zake zimeota kutu, hazitoki,
na goti langu limeshaanza kuizoea.